Niliambiwa ni kiangazi, mbona mvua haiishi Galway?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ni muuguzi, na huu ni mwaka wangu wa pili Galway, magharibi mwa Ayalandi. Niliambiwa kwamba Juni, Julai na Agosti ndicho kiangazi cha huku, lakini Jumamosi iliyopita peke yake nilianua nguo kambani mara tatu: asubuhi jua kali, saa nne mvua, saa sita jua tena, na saa tisa mvua ya upepo iliyotulowesha mimi na mwanangu tukitoka sokoni. Simu yangu ilisema uwezekano wa mvua ni asilimia 60, nami sielewi hiyo asilimia 60 ni ya nini. Je, watabiri wa huku wanabahatisha? Nguo sasa nazianika chumbani. Mwanangu wa miaka 7 ana pumu, na kila Juni kikohozi humzidia usiku. Nadhani ni kwa sababu ya kunyeshewa. Na mama yangu anataka kuja kututembelea. Nimwambie aje mwezi gani?"

Marahaba, dada. Umeuliza maswali manne, na yanashikana kuliko yanavyoonekana. Kamba ya nguo, asilimia ya kwenye simu, kifua cha mtoto na safari ya mama, vyote vinategemea jambo moja: hicho ulichoambiwa ni kiangazi si kiangazi kwa maana tuliyokua nayo, na ukiendelea kukingoja kiangazi utaishi Galway miaka kumi ukiona kila Julai imekusaliti.

Kwetu pwani mwaka tunaugawa kwa mvua na kwa pepo. Kaskazi ikivuma tunajua jua limekuja, masika yakifika tunajua kusi inaingia, kisha kipupwe, kisha vuli, na mtu akitamka neno "kiangazi" amekwisha kusema kwamba mvua hakuna. Ayalandi mwaka unagawanywa kwa mwanga na joto. Mwishoni mwa Juni jua la Galway huchomoza saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku, mchana wa saa 17, ilhali Desemba mchana haufiki hata saa 8. Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa majira. Mvua haimo katika hesabu, kwa sababu hunyesha mwezi wowote. Ni kweli kwamba Desemba na Januari ndiyo miezi inayoongoza kwa mvua karibu nchi nzima, lakini hakuna mwezi unaofunga mlango. Hata wenyeji wenyewe hawakubaliani majira ya joto yanaanza lini: idara yao ya hali ya hewa, Met Éireann, huhesabu Juni hadi Agosti, na kalenda ya kale ya Kiayalandi huanza tarehe 1 Mei, ikahesabu tarehe 1 Agosti kuwa mwanzo wa majira ya mavuno. Jirani akikwambia mwezi wa Agosti kwamba majira ya joto yamekwisha, anasema alivyofundishwa shuleni.

Sasa tuje kwenye chanzo cha mabadiliko ya ghafla. Tanga iko katika ukanda ambao upepo hukaa upande mmoja kwa miezi. Ayalandi iko kati ya nyuzi 51 na 55 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo hewa ya joto na unyevu inayotoka upande wa visiwa vya Azores hukutana na hewa baridi inayoshuka kutoka upande wa Greenland. Hewa hizi mbili hazichanganyiki upesi. Hukaa zikisukumana, na juu ya mpaka wao, kilomita 9 au 10 kutoka ardhini, hupita mkondo wa upepo mkali sana unaokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Mkondo huo ndio unaobeba vimbunga vidogo vya mgandamizo mdogo wa hewa kutoka Atlantiki, kimoja baada ya kingine, navyo havina breki baharini mpaka vigonge pwani ya magharibi, yaani mlangoni pako.

Kimbunga kimoja kikipita kinakuja na mfululizo unaoweza kuujua kama unavyojua hatua za kupika pilau. Kwanza mawingu membamba ya juu hufunika jua taratibu, kisha rasharasha huanza na kuendelea saa kadhaa bila pupa. Baadaye hewa inakuwa ya fukuto, nzito, na ukungu juu ya vilima. Halafu inapita mvua moja kali yenye upepo, pengine kwa nusu saa tu, na mara anga inafunguka, hewa inakuwa safi na ya baridi, jua linatoka, na nyuma ya jua hilo zinafuata mvua za vipindi. Hatua zote hizo zinaweza kumalizika kati ya alfajiri na magharibi. Jumamosi yako, kwa jinsi ulivyoieleza, naisoma kuwa siku ya hatua ile ya mwisho: hewa baridi imeingia, jua la Julai linapasha ardhi, hewa iliyopata joto inapanda, inakutana na baridi juu, inageuka wingu, wingu linamwaga mvua kwa dakika 20, linasogea, na jua linaanza kazi upya. Jua lile lile lililokuita utoke kuanika ndilo lililokuwa likipika mvua ya saa nne.

Mkondo ule wa juu ukikaa kaskazini mwa Ayalandi, mgandamizo mkubwa wa hewa wa upande wa Azores hutanuka na nchi hupata siku nyingi za jua. Ukiteleza kusini, vimbunga hupanga foleni. Mwaka 2023 ulionyesha pande zote mbili ndani ya miezi miwili: Juni ilikuwa Juni yenye joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa nchini humo, na mwezi uliofuata ukawa Julai yenye mvua kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Miaka mitano nyuma yake, tarehe 28 Juni 2018, uwanja wa ndege wa Shannon, usio mbali sana na kwako, ulipima nyuzijoto 32, na wananchi wakakatazwa kumwagilia bustani kwa mpira. Kwa hiyo ukisikia imani ya wazee kwamba mvua ikinyesha tarehe 15 Julai, siku ya Mtakatifu Swithin, itanyesha siku 40, usiitegemee kupanga mambo yako. Kitu pekee cha kweli ndani yake ni kwamba katikati ya Julai mkondo wa juu wakati mwingine huganda mahali pamoja kwa wiki kadhaa, na majira hufuata mahali ulipoganda.

Je, watabiri wanabahatisha? Hapana, na naliandika neno hilo nikiwa nimekaa upande wao wa meza kwa miaka mingi. Asilimia 60 haisemi kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 60 ya siku, wala kwamba itafika kwa asilimia 60 ya nguvu zake. Inasema hivi: tukizichukua siku 10 zenye hali kama ya leo, katika siku 6 mahali ulipo patapata mvua ndani ya muda huo uliotajwa, na katika siku 4 patabaki pakavu. Haielezi mvua itadumu muda gani wala itakuwa nzito kiasi gani, na kwa mama mwenye nguo kambani hayo ndiyo ya muhimu zaidi. Tazama sufuria ya maji inayoanza kuchemka. Unajua kwa hakika kwamba mapovu yatapanda, lakini hakuna anayeweza kukuonyesha kwa kidole povu lijalo litatokea wapi. Mvua za vipindi ni mapovu hayo. Wingu moja lina upana wa kilomita chache, linaweza kulowesha Salthill, mtaa wa ufukweni, na kuacha stesheni ya Galway kavu, na utabiri wa jana hauwezi kulipangia mtaa.

Rasharasha la kimbunga ni jambo jingine, kwa kuwa lina upana wa mamia ya kilomita, na mtabiri anaweza kukupa saa ya kuingia na saa ya kutoka bila kukosea sana. Kwa hiyo, asubuhi ukifungua simu, usiishie kwenye ile picha ya wingu lenye matone, kwani picha hiyo hiyo huwekwa kwa siku mbili zisizofanana hata kidogo. Soma maelezo. Yakisema mvua itatanda kutoka magharibi na kusafika jioni, hiyo ni siku ya kungoja: fanya kazi za ndani, utoke jioni, na kumbuka kwamba jioni ya huko ina mwanga mpaka saa nne usiku. Yakisema vipindi vya jua na mvua za hapa na pale, hiyo ni siku ya kutoka, lakini utoke ukiwa na picha ya rada mkononi. Met Éireann hutoa picha za rada za mvua bure, na kwa dakika 30 au 60 zijazo zina thamani kuliko utabiri wowote, kwa sababu zinakuonyesha wingu lilipo na linakoelekea.

Jambo hili la kutafuta upenyo kati ya mvua mbili lina historia kubwa katika pwani hiyo unayoishi. Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya washirika yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy, Ufaransa, Maureen Flavin, msichana aliyefanya kazi posta ya Blacksod, kaunti ya Mayo, alipima hali ya hewa usiku wa kuamkia tarehe 3, siku aliyotimiza miaka 21, na kipimo chake kikaonyesha mgandamizo wa hewa unashuka haraka, ishara kwamba kimbunga kinakuja. Alipigiwa simu kutoka Uingereza akaombwa ahakikishe, akapima tena, jibu likawa lile lile. Uvamizi uliopangwa tarehe 5 uliahirishwa kwa siku moja, maana vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba baada ya kimbunga hicho kungekuwa na utulivu mfupi. Hali ya hewa ya Juni ilikuwa hivyo hivyo wakati huo, na mafanikio yalitokana na kuusubiri upenyo na kuutumia ulipofika.

Mbali na simu, jifunze upepo, jambo ambalo mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa mara mbili. Ukitoka kusini-magharibi unaleta hewa ya fukuto, mawingu ya chini na rasharasha. Ukitoka kaskazini-magharibi unaleta hewa safi na mvua za vipindi. Ukitoka mashariki umevuka nchi kavu yote kabla ya kukufikia, kwa hiyo Galway hupata siku kavu na zenye joto huku pwani ya Dublin ikikaa chini ya mawingu na baridi ya bahari. Wenyeji wa magharibi husema kwamba ukiviona vilima vya Clare ng'ambo ya ghuba mvua inakuja, na usipoviona inanyesha tayari. Wanausema kwa kucheka, lakini umo ndani yake ukweli wa kisayansi: hewa ya baridi inayofuata kimbunga haina ukungu wala vumbi, unaona mbali kana kwamba vilima vimeoshwa, na hewa hiyo hiyo ndiyo yenye mvua za vipindi. Simama Salthill ukitazama baharini saa kama hiyo na utaiona mvua kabla haijakugusa, pazia la kijivu likining'inia kutoka kwenye wingu mpaka majini, ukingo wake umenyooka, na maji yaliyo mbele yake yamegeuka rangi. Ukiona pazia hilo una dakika kumi, pengine kumi na tano.

Kuhusu nguo, usiangalie joto. Nguo hukauka kwa upepo na ukavu wa hewa, na jua ni msaidizi tu. Siku ya nyuzi 16 yenye upepo wa kaskazini-magharibi itakausha shuka haraka kuliko siku ya nyuzi 21 yenye fukuto, kwa kuwa hewa ya fukuto imekwisha kushiba maji na haina nafasi ya kupokea ya kwako. Ndiyo maana jirani yako akitoka nje akahisi upepo hukwambia kwamba leo ni siku nzuri ya kukausha, hata kama wewe umevaa sweta. Fua usiku, anika mapema, anza na nguo nzito, na mvua ya dakika kumi ikipita usikimbilie kuanua kila kitu. Mvua nyingi za huko ni nyepesi, na upepo ukiwepo utaondoa maji yale muda si mrefu. Nguo zikiwa karibu kukauka, ndipo uziingize kwenye lile kabati la tangi la maji moto lililomo katika nyumba nyingi za Ayalandi.

Kuanika chumbani ndiko kunakonitia wasiwasi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mashine moja ya nguo ina lita moja au mbili za maji ambayo hayana pa kwenda isipokuwa kwenye hewa anayovuta mwanao. Maji hayo hugeuka matone kwenye kioo na kwenye ukuta wa nje ulio baridi, nyuma ya kabati, na hapo kuvu huota. Kuvu na unyevu wa nyumba ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuchochea pumu. Sogeza kabati, tazama ukuta nyuma yake na pembe za dirisha. Ukiona madoa meusi, umepata mshukiwa wa kwanza. Hamishia kamba chumba kingine, fungua dirisha lake, funga mlango, au nunua mashine ya kuondoa unyevu ikiwa mfuko unaruhusu. Kama nyumba ni ya kupanga na kuvu linarudi kila unapolifuta, mwandikie mwenye nyumba, maana tatizo linaweza kuwa la ukuta wenyewe.

Mshukiwa wa pili ni mgeni kwetu, naye ni chavua ya nyasi, ule unga wa maua yake. Huko, Juni na Julai ndiyo kilele chake, na hupeperushwa zaidi siku zile kavu, zenye jua na upepo, zile tunazoziita nzuri. Mvua huiosha hewani. Inawezekana kabisa, basi, kwamba siku unazomfungia ndani kwa hofu ya kunyeshewa ndizo kifua chake kingepata nafuu nje, na siku ya jua unayomwacha acheze nyasini mpaka usiku ndiyo inayomkohoza. Ngurumo za radi ni kando, kwani dhoruba inaweza kupasua chembe za chavua zikawa ndogo na kuingia ndani zaidi ya mapafu. Siku hizo akae ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Kunyeshewa peke yake hakuleti mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi. Hata hivyo mtoto aliyelowa akipigwa na upepo hupoteza joto haraka, na hewa baridi inaweza kuwabana baadhi ya wenye pumu, kwa hiyo koti lisilopitisha maji, lenye kofia, ni la lazima. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa Galway utauvunja.

Mimi ni mtu wa mawingu, si daktari, nawe kwa kazi yako unayajua haya kuliko mimi, lakini mzazi husahau kwa mtoto wake mambo anayomkumbusha mgonjwa wa mwingine. Kikohozi cha usiku kinachorudi kila Juni ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa. Mpeleke kwa daktari wenu wa familia kabla ya Mei ijayo, ukiwa na daftari la wiki mbili au tatu: tarehe, upepo, mvua au jua, alikohoa au hakukohoa. Asipoweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au dawa yake ya kuvuta isipomsaidia, piga 112 au 999 saa hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu bahari, kwa kuwa siku ya joto itakuja na mtakwenda Salthill. Maji ya huko hata Agosti huwa karibu nyuzi 15 au 16, si bahari ya Tanga. Anayejitupa ghafla hushtuka kwa baridi, hupumua kwa pupa bila kutaka, na anaweza kuvuta maji katika dakika ya kwanza hata kama ni mwogeleaji hodari. Ingieni polepole, mahali penye waokoaji, na mfundishe mtoto kwamba akishtuka alale chali aelee kwanza.

Mama sasa. Wenye joto zaidi ni Julai na Agosti, lakini joto lenyewe ni nyuzi 18 hadi 20 mchana, na hilo mara nyingi halifiki hata joto la usiku wa kipupwe cha Tanga. Kwake yeye miezi yote ya Galway ni baridi, na nyuzi mbili za ziada hazitamfaa kitu. Kitakachomfaa ni ukavu na mwanga. Mei na Juni ndiyo miezi yenye jua jingi zaidi Ayalandi, wastani wa saa 5 hadi 6 na nusu kwa siku, na Aprili hadi Juni kwa kawaida huwa na mvua pungufu kuliko Julai na Agosti. Ningemkatia tiketi ya wiki ya mwisho ya Mei, akae mpaka katikati ya Juni. Siwezi kukuahidi kwamba hatakuta wiki ya mvua tupu. Mwambie abebe sweta mbili na soksi, umnunulie koti huko huko, na uweke pazia zito kwenye chumba chake, kwa sababu atakapotaka kulala saa nne usiku, nje bado kutakuwa na mwanga.